Kabla ya Kuilaumu LUKU, Tuangalie Beseni

Ikifika katikati ya mwezi, kwenye nyumba za kupanga zinazozunguka chuo maneno huwa ni yaleyale: nani kamaliza umeme? Atatajwa mwenye friji, atatajwa mwenye pasi, atatajwa anayelala na taa inawaka. Mwisho anatajwa yule aliyesafiri, maana huyo hayupo kujitetea. Watu wanachangishana tena elfu tano tano, mmoja anagoma, na urafiki wa mwaka mzima unavunjika kwa ajili ya tarakimu 20 za LUKU. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba mara nyingi tunamkamata asiye mwizi. Anayekula umeme wetu kuliko wote ni maji ya moto, na moja ya milango anayopitia kila siku ni vyombo vichafu.

Wenzetu wa Dar na Tanga watacheka. Kwao vyombo vinaoshwa na maji ya bomba na maisha yanaendelea. Lakini huku kwetu nyanda za juu ni habari nyingine. Mimi kwetu Igogwe, wilaya ya Rungwe. Ukiitaja Igogwe hapa Mbeya watu wengi wanakumbuka hospitali, lakini sisi tuliokulia kule tunakumbuka kwanza baridi na mvua. Mwezi wa Juni na Julai maji ya asubuhi yanauma vidole kama sindano. Ukipika kwa mawese ya Kyela, mafuta yanaanza kuganda sahanini hata hujamaliza kula. Sahani ya namna hiyo ukiiosha kwa maji ya baridi unayahamisha tu mafuta kutoka sahanini kwenda kwenye dodoki, na kutoka kwenye dodoki kwenda kwenye kikombe. Kwa hiyo simlaumu anayechemsha maji ya vyombo, ana sababu. Ninachouliza ni tunachemsha kiasi gani, mara ngapi, na kila mtu na lake kwa nini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata aliyeikimbia fizikia kidato cha pili anaiweza. Chukua lita za maji, zidisha kwa nyuzi joto unazotaka kuzipandisha, gawa kwa 860. Jibu ni uniti za umeme. Basi. Tuseme maji ya bomba yana nyuzi 16 na wewe unayataka yafike 60 ili yakate mafuta. Unapandisha nyuzi 44. Kwa lita 5, ambazo ni robo ya ndoo kubwa, unapata 5 mara 44, gawa kwa 860: robo uniti na kidogo. Hapo bado sijahesabu joto linalotoroka juu ya ndoo isiyofunikwa.

Robo uniti inasikika ndogo. Ilinganishe na yule tunayempigia kelele kwa sababu ya taa. Balbu ya kisasa ya wati 9 inaweza kuwaka saa 28 kwa umeme huohuo. Yaani mshikaji alale na taa usiku wa leo, usiku wa kesho na wa keshokutwa, bado hajafikia koili ya mwenzake iliyochemsha lita 5 kwa ajili ya sufuria moja, sahani moja na kijiko. Taa inaonekana dirishani, ndiyo maana inagombeza watu. Koili inafanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa, na ikishatolewa kwenye ndoo inafichwa chini ya kitanda.

Sasa piga hesabu ya nyumba. Wapangaji wanane, mita moja, kila mtu anapika chake na kuosha chake, mara mbili kwa siku. Kila mmoja anachemsha lita zake 5. Hizo ni safari 16 za koili, uniti 4 na kidogo kwa siku, karibu uniti 123 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida uniti imekuwa ikiuzwa shilingi 292, na ukiweka VAT ya asilimia 18, ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1 inafika kama 356. Zidisha: karibu shilingi 43,800 kwa mwezi. Hizo ni za kuoshea vyombo tu, hujagusa maji ya kuoga, jiko wala pasi.

Watu haohao wanane wakiosha pamoja, lita 8 za maji ya nyuzi 60 asubuhi na lita 8 jioni zinawatosha kabisa, maana maji yaliyotosha sahani moja yanatosha na sahani ya pili. Hiyo ni chini kidogo ya uniti 25 kwa mwezi, karibu shilingi 8,800. Tofauti ni shilingi 35,000 kila mwezi. Kwa mwanafunzi anayekula kwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku, nyumba nzima imejirudishia siku tatu na nusu za chakula bila kuongeza hata senti. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. TANESCO ina kundi la wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti yao ni shilingi 100, au 122 ukiweka makato. Nyumba inayochoma uniti 123 kwenye vyombo peke yake haiwezi hata kuota kundi hilo.

Kuna wanaosema dawa ni mashine. Wameiona kwenye filamu, kwenye hoteli, au wana kaka au dada anayesoma Ujerumani aliyewatumia video akipanga sahani ndani ya kabati, akibonyeza kitufe na kwenda zake kulala. Mashine ya kuoshea vyombo si mchezo wa kuigiza, na mimi siidharau. Inafaa tujue inafanyaje kazi, kwa sababu ndani yake kuna somo hata kwa asiyekuwa na mpango wa kuinunua.

Mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, ndiye aliyepata hataza ya mashine ya kwanza iliyofanya kazi vizuri, tarehe 28 Desemba 1886. Mwaka 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Walioinunua wakati huo walikuwa hasa wenye hoteli na migahawa. Majumbani ilikwama, na moja ya sababu ni kwamba nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kuitosheleza. Angalia hapo: tangu siku ya kwanza tatizo la mashine hii halikuwa magurudumu wala mabomba, lilikuwa maji ya moto. Mpaka leo ni hivyohivyo. Pampu inayorusha maji inakula umeme kidogo tu. Sehemu kubwa ya umeme wa mashine inakwenda kwenye kupasha maji.

Ndiyo maana wenye mashine wanaojua kubana matumizi wana kanuni zao, na karibu zote ni za kukimbia maji ya moto. Usiiwashe mpaka ijae. Makombo yakwangue kwa kijiko, usiyasuuze kwanza kwenye bomba, la sivyo unaosha mara mbili. Chagua mzunguko wa kubana umeme, ule unaopasha maji nyuzi 50 hivi badala ya 65 au 70. Kichujio cha chini kisafishe mara kwa mara. Ikimaliza kuosha, usiiachie ikaushe kwa joto, fungua mlango hewa ikaushe. Mtu akifuata hayo, mashine nzuri ya kisasa inaosha vyombo vya watu 12 au zaidi kwa maji lita 10 hadi 13 na umeme usiozidi sana uniti moja. Asiyefuata, anayeiwasha kwa vikombe vitatu na sahani mbili, analipa gharama ileile kwa vyombo vitano.

Ule mzunguko wa kubana umeme una ajabu yake: unachukua muda mrefu, saa tatu au zaidi, na watu wengi wanadhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Uchafu unaondolewa na vitu vinne: joto, sabuni, muda na kusugua. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Mashine inapunguza joto, inaongeza muda. Kanuni hiyo ukiishika kichwani umeshajua siri yote ya kuosha vyombo kwa bei nafuu, uwe na mashine ya mamilioni au dodoki la shambani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwahi kuwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vichafu vya watu 12 waoshe kwa mkono kama wanavyoosha nyumbani. Kwa wastani walitumia maji lita 103 na umeme uniti 2.5. Mashine ikaonekana mtakatifu. Wauzaji wa mashine wameitangaza habari hiyo kila kona, na mtu akiisoma juujuu atasema basi, mkono umeshindwa. Lakini walioshindwa ni watu waliofungua bomba la maji ya moto na kuliacha likimwagika wakati wanasugua. Baadaye, mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima upya na kuingiza namna ya tatu: kuosha kwa mkono kwenye mabeseni mawili, moja la maji ya moto yenye sabuni, la pili la maji ya baridi ya kusuuzia. Namna hiyo ndiyo iliyotoa hewa chafu kidogo kuliko zote, kuliko hata mashine inayotumiwa kwa kanuni zake zote.

Mabeseni mawili! Niliposoma hayo nilitamani kumpelekea bibi yangu Igogwe. Angenisalimia "ugonile", angenisikiliza mpaka mwisho, halafu angeuliza kama hiyo ndiyo ada inayolipwa chuoni, maana hakuna mama Rungwe nzima anayeosha vyombo vingine zaidi ya hivyo.

Hebu tuutazame utaratibu wa kule nyumbani kwa macho ya mtu anayelipa umeme. Kwanza, makombo yanakwanguliwa, yanakwenda kwa kuku au kwa nguruwe. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya mashine. Pili, sufuria ya ugali haiguswi, inajazwa maji ya baridi na kuachwa. Baada ya saa moja ukoko unabanduka wenyewe. Huo ndio muda unaochukua nafasi ya joto. Tatu, chombo cha maziwa kinapitishwa kwanza kwenye maji ya baridi, na Rungwe maziwa ni mengi kwa hiyo kila mtoto anafundishwa hilo mapema: maji ya moto yanayapika maziwa yakagandia chomboni. Nne, maji ya moto yanatoka kwenye birika lililokaa pembeni ya moto uliopikia, au kwenye chupa ya chai, hayachemshwi upya. Tano, unaanza na vikombe, unafuata na sahani, unamalizia na masufuria yenye masizi na mafuta, ili maji yaleyale yafanye kazi tatu. Sufuria lililogoma linasuguliwa kwa majivu. Majivu hayo si ushamba: yana magadi, na magadi yakikutana na mafuta yanafanya kazi kama ya sabuni. Mwisho vyombo vinapanda kwenye kichanja, vinakaushwa na jua na upepo. Hakuna taulo, hakuna umeme.

Sasa linganisha na sisi wasomi. Sufuria la ugali tunalimwagia maji yanayochemka, tunasugua kwa hasira, yakipoa tunachemsha mengine. Chupa ya chai tunayo lakini ni ya chai tu. Tunaosha sahani kila mtu kivyake kama vile tuna magonjwa ya kuambukizana, kisha tunazirundika chumbani zikiwa na maji, asubuhi zinanuka, tunaziosha tena kwa koili nyingine. Tumekuja mjini tukaacha kichanja, tukapata bili.

Hapa nataka niwe mkweli, maana kuna upande wa pili. Ni rahisi kijana kama mimi kuusifia utaratibu wa Igogwe huku nikisahau nani anayeufanya. Yale maji ya moto ya bure pembeni ya mafiga si ya bure. Kuna mama au dada aliyebeba mzigo wa kuni kichwani akipanda kilima kwenye utelezi, na moshi wake ameuvuta yeye. Serikali yenyewe imekiri hilo: Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye kuni. Na kuosha kwa mkono kunaonekana ni nafuu kwa sababu mkono huo haulipwi. Kwenye nyumba zetu za kupanga nimeona mara nyingi: wakikubaliana kupika pamoja, kesho yake kuna dada anaosha masufuria ya watu wanane na makaka wako kwenye mpira. Kama kubana umeme maana yake ni kumbana yeye, basi heri mashine, na heri hata koili.

Ndiyo maana kuosha pamoja kunataka zamu iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, jina la kila mtu, kaka kwa dada. Anayeikosa zamu yake analipa, na hela inaingia kwenye LUKU. Watu wazima hawagombani kwa kitu kilichoandikwa. Na tusidanganyane kwamba kuna kazi za kike. Jeshini wanaume wanaosha vyombo, seminari wanaosha, bweni la wavulana sekondari tuliosha wenyewe miaka minne na hakuna aliyeota matiti.

Upande mwingine wa pili ni afya. Kuna anayesema maji kidogo ni uchafu, na anatoa mfano wa yule mama lishe mwenye beseni moja, maji yamekuwa ya kijivu na wateja bado wanakuja. Mfano huo ni wa kweli na unatisha, hasa miaka ya kipindupindu. Lakini kosa la beseni lile liko kwenye kusuuzia ndani ya uchafu uleule na kutobadilisha maji, hata likiwa kubwa kama ngoma. Maji ya sabuni yakichafuka yanamwagwa. La kusuuzia linabadilishwa zaidi ya la sabuni. Penye watu wengi, au penye mgonjwa, linaongezwa beseni la tatu lenye maji ya dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisha vyombo vikauke kabisa, kwa sababu vijidudu vinapenda unyevu. Anayefuta sahani safi kwa taulo la wiki mbili amezichafua upya. Kwenye baridi na mvua ya kwetu kichanja cha nje hakitoshi, kinataka kiwe chini ya upenu, upepo upite lakini mvua isifike. Kama maji ya kusuuzia yana uvuguvugu kidogo, vyombo vinakauka haraka zaidi.

Najua pia kuna watakaosema umeme sasa upo wa kumwaga. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, mgao hatuusikii kama zamani, kwa nini tujibane? Jibu langu ni fupi: umeme upo, hela ndiyo haipo. Bwawa kujaa Rufiji hakujazi mfuko wangu hapa Mbeya.

Lakini mzigo huu hauwezi kubebwa na wapangaji peke yao, na ndiyo sababu naandika kwenye jarida la umoja wetu badala ya kubandika tangazo jikoni. Nina maombi matatu kwa serikali ya wanafunzi na kwa uongozi wa chuo.

La kwanza ni sehemu ya kuoshea vyombo kwenye kila hosteli. Nasema sehemu ya kuoshea, maana sinki moja la bafuni lililoziba mchele nimeshaliona. Masinki mawili mawili yenye kizibo, meza ya zege, ndoo ya makombo, na kichanja cha vyuma chini ya paa. Fundi wa kawaida anaijenga. Kizibo hicho kidogo ni muhimu kuliko kinavyoonekana: bila kizibo sinki linageuka bomba linalomwagika, na tumeshaona lita 103 zinakwenda wapi.

La pili ni maji ya moto ya pamoja. Kila muhula hosteli zinakaguliwa, koili zinakamatwa, na wiki inayofuata zimenunuliwa nyingine, kwa sababu baridi haikukamatwa. Koili ni hatari, hilo halina ubishi: inaua kwa shoti mtu anapotumbukiza kidole kupima joto huku imechomekwa, na inaunguza ndoo, kitanda na chumba ikisahauliwa. Lakini kukataza peke yake hakupashi maji. Paa la hosteli ni kubwa na jua la kiangazi la huku, pamoja na baridi yake, ni kali. Mitungi ya kupasha maji kwa jua tunaiona juu ya nyumba za wageni. Hata siku jua likiwa hafifu na maji yakafika nyuzi 35 tu, umeme unaobaki kuyafikisha 60 ni nyuzi 25 badala ya 44. Rudi kwenye 860 uone mwenyewe. Na inachekesha kidogo kwamba tunachemsha kwa koili huku chini ya mlima wetu kule Ngozi wataalamu wa TGDC wanalitafuta joto la ardhi lizalishe umeme.

La tatu linahusu kantini. Serikali imeshaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Watu wanafikiria masufuria ya gesi na wanasahau kwamba jikoni pa kulisha mamia maji ya vyombo nayo ni mzigo. Siku chuo kikiamua kununua mashine, na kwa idadi yetu huenda ikawa busara, tusinunue kwa kutazama rangi. Tuulize inatumia lita ngapi na uniti ngapi kwa mzunguko mmoja, inapoharibika spea zake zinapatikana Mbeya au mpaka Dar, na umeme ukikatika katikati inafanyaje. Kisha wanaoitumia wafundishwe: ijae, makombo yakwanguliwe, mlango ufunguliwe. Mashine ya bei mbaya mkononi mwa asiyefundishwa ni lile bomba linalomwagika, limevaa suti tu. Na wale mama wanaoosha sasa wasitupwe nje, wao ndio wanaojua vyombo vingapi vinarudi saa ngapi.

Wakati tunasubiri majibu ya barua, na tunajua barua chuoni zinatembeaje, nyumba zenu zinaweza kuanza zenyewe. Wiki ya kwanza msibadilishe kitu. Jumapili usiku soma mita, andika. Jumapili inayofuata soma tena. Wiki ya pili nunueni mabeseni mawili na dodoki, lowekeni masufuria kwa maji ya baridi, chemsheni maji mara moja na yanayobaki yaingie kwenye chupa, osheni pamoja kwa zamu, kausheni kwa hewa. Jumapili yake soma mita mara ya tatu. Toa, linganisha. Kama tofauti haipo, njooni mniambie kwenye baraza la wanafunzi mbele ya watu wote. Kama ipo, leteni karatasi yenye namba hizo, na nyumba nyingine zilete zao. Tukienda kwa uongozi wa chuo na karatasi 20 zenye namba za mita, hawatatuambia tena kwamba wanafunzi hawajui kutumia umeme. Watalazimika kuzungumza nasi habari ya sinki, kichanja na maji ya moto.